Vikanyagio vya Gari la Kijiji

Sipendi kuulizwa kwa nini niliacha udereva. Wanaouliza hudhani niligonga mtu. Nawajibu macho yaliharibika, wanaridhika, tunaongea mengine. Ukweli ni kwamba niliua gari la kijiji kwa vipande viwili vya chuma, na aliyeumia kuliko wote ni mama yangu.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa tulikaa mlimani, juu ya Mkuyuni. Kijiji kilikuwa na pikapu moja, iliyokwisha kutumika mahali pengine mpaka wenyewe wakaichoka. Ilishuka mjini na ndizi na mananasi, ikapanda na chumvi, mafuta ya taa na mbolea. Wagonjwa walikaa mbele, karibu na mimi. Mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kidonda cha siku nyingi juu ya kifundo cha mguu, na kila Jumanne nilimpeleka hospitali Morogoro kikasafishwe na kufungwa upya. Muuguzi alishatueleza bila kuficha: kikisafishwa kila wiki kitapona polepole, kikiachwa kitakula mpaka mfupa.

Shida ilikuwa kupanda. Gari lilikuwa juu, mama alikuwa mzito, na goti la mguu ule halikukunjika. Breki ya mkono ilishakufa, na kijijini kwetu hapakuwa na mahali tambarare hata pa kuweka sufuria, kwa hiyo nilibaki kwenye usukani nimekandamiza breki ya mguu wakati watu wanapanda. Nani basi angemshika? Wanawake hawakuuweza uzito wake. Kwetu Uluguru mwanamume akioa, mara nyingi huhamia kwao mke. Vijana wenye nguvu waliopakia ndizi asubuhi karibu wote walikuwa wameoa mabinti wa mama au wa dada zake. Walikuwa wakwe zake, na mkwe hamgusi mama mkwe. Hata wakikutana njiani, mmoja huingia majanini kumpisha mwenzake. Basi vijana wale waligeuka wakatazama mikungu ya ndizi kama hawajapata kuiona, na mama alitambaa kuingia ndani kwa magoti, akivuta kiti, kanga ikimpanda. Mimi nilikodolea macho kioo cha mbele. Ilikuwa hivyo kila Jumanne, na nilikuwa na hasira nisiyojua nimpe nani.

Mjini nikaona gari lenye vikanyagio, vile vyuma virefu vinavyofungwa chini ya milango, mtu akanyage kwanza kabla ya kuingia. Nikapeleka hoja kwenye mkutano wa kijiji. Mama sikumtaja. Nilisema wazee, nilisema wajawazito, nilisema maendeleo. Mzee mmoja wa ukoo wa watani wetu akadakia kutoka nyuma, "Sema tu unataka ngazi ya mama yako, dereva! Tumekusikia!"

Watu wakacheka. Mtani hakasirikiwi, hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Ningecheka nao, nikamrudishia la kwake, yangeishia pale. Lakini mimi nina moyo mwepesi kuwaka, na siku ile aligusa palipouma. Nilisimama nikafoka, "Gari ni la wote na chuma ni cha wote! Kila mtu atakanyaga!"

Walinipigia makofi, hoja ikapita.

Fundi wa kuchomelea kule mjini, Mwembesongo, alilala chini ya gari akatoka akitikisa kichwa. Chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, imechoka, alisema, atavifunga kwenye bodi. "Lakini kaka, hivi ni vya kupandia tu. Mguu mmoja, mtu kaingia ndani. Watu wasisafiri wamesimama juu yake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, fundi."

Jumanne iliyofuata mama alikuja na fimbo yake. Akakanyaga chuma, akatulia kidogo, akashika mlango, akaingia na kuketi. Alijifunga vizuri kanga yake, akasema, "Ahsante, baba." Njia nzima mpaka Bigwa nilikuwa napiga miluzi. Sidhani kama nimewahi kufurahi vile tena, na nasema hivyo bila kutia chumvi.

Furaha yenyewe ilidumu wiki tatu. Siku moja ya soko nilisikia gari limekuwa zito ubavuni, nikatazama kioo cha pembeni, nikaona wanaume watano wamesimama juu ya kikanyagio, wameng'ang'ania bodi, wanaongea habari zao. Nikasimamisha. Nikawaeleza aliyoyasema fundi, nikawaomba washuke.

"Nyuma kumejaa, dereva," mmoja akaniambia, na hakuwa mkorofi hata kidogo. "Na wewe si ulisema kila mtu atakanyaga?"

Nilikuwa na jibu. Ningesema, jamani, vile vyuma nilimtafutia mama yangu, nilidanganya mkutano, nisameheni. Wangenicheka siku mbili wakasahau. Badala yake nilirudi kwenye usukani nikaondoa gari. Tangu siku ile, ilimradi palikuwa na pa kuweka unyayo, hakuna aliyekubali kuachwa.

Bodi ikaanza kulalamika. Tope lililorushwa na magurudumu ya mbele lilijaa kati ya chuma na bati, likakaa na maji yake, bati likaoza. Nati zilitanua matundu. Mlango wa upande wa mama ukakataa kufunga, nikawa naufunga kwa kamba ya katani. Nikarudi kwa fundi. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza.

"Ving'oe," alisema. "Ving'oe leo, gari litapona."

Nikawaza Jumanne. Nikamwona mama kwa magoti, na wale vijana na mikungu yao ya ndizi. Nikamwambia fundi azibe nyufa tu. Alizichomelea huku ananitazama pembeni, na mimi nikajitia kukagua matairi.

Masika yalipokolea, barabara ilichimbika makorongo. Tulikuwa tunashuka na mananasi, wanaume saba wamesimama upande wa kushoto. Kwenye kona moja kikanyagio kilikuwa kimeshuka kwa uzito wao, kikalala juu ya jiwe, na gari lilikuwa bado linakwenda. Nilisikia bati likichanika kama kitambaa. Chuma kilijikunja kuingia chini, kikang'oa nguzo ya mlango na kukata bomba la breki. Tuliserereka mpaka tukaegemea ukingo wa mlima. Waliochubuka walichubuka, hakufa mtu, na wote walisema tumshukuru Mungu. Mimi nilisimama katikati ya mananasi yaliyotawanyika, nikahesabu siku mpaka Jumanne.

Gari lilivutwa mpaka gereji mjini. Vipuri havikuwepo. Kila nilipokwenda niliambiwa wiki ijayo. Magugu yaliota mpaka usawa wa milango, na kuku wa gereji wakapata pa kutagia.

Mara mbili tulimshusha mama kwa machela mpaka Mkuyuni akapate lori. Machela hubebwa na wanaume wanne, na wanaume ni wale wale. Walijifunga vitambaa machoni? Hapana, walitazama chini tu, lakini mama alilia njia yote kwa aibu, kalala chali juu ya mabega ya wakwe zake. Mara ya tatu alikataa. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikapiga magoti. "Nimekataa," alisema. "Nitangoja gari." Nikaloweka majani aliyoelekezwa na jirani, nikaosha kidonda kwa maji ya chumvi. Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, akala mama peke yake. Harufu ilipoanza, nilijua. Alipopoteza fahamu kwa homa, hakuwa tena na uwezo wa kukataa machela.

Daktari alikata mguu chini ya goti. Alipozinduka vizuri, mama aliuliza jambo moja. "Gari limetengenezwa?"

Nikasema limetengenezwa. Sijui kwa nini. Nilitaka awe na kitu kimoja kizuri cha kushika.

"Basi utakuja kunichukua nalo," alisema, akafumba macho.

Kila nilipomtembelea nilijiambia leo nitamwambia. Sikumwambia. Siku ya kutoka nilimkuta amekwisha kuketi barazani, amevaa kanga mpya, amezungukwa na wanawake wa wodi yake. Alikuwa amewasimulia habari za gari la kijiji analoendesha mwanawe. Walitoka kuliona. Nilikuja nasukuma mkokoteni wa kubebea magunia, niliouazima sokoni, juu yake nimetandika mkeka.

Mama alitazama nyuma yangu, barabarani.

"Liko wapi?"

"Bado, mama," nikasema. "Halijatengenezwa."

Wale wanawake wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Nikamwinua, nikamlaza kwenye mkeka. Akavuta kanga, akajifunika kutoka kichwani mpaka pale mwili wake ulipoishia, na hakujifunua mpaka tulipofika stendi. Njiani mwanamume mmoja mwenye baiskeli alituona, akashuka, akavua kofia na kuinamisha kichwa, kama watu wafanyavyo maiti inapopita. Alisema, "Pole sana, ndugu."

Nikamjibu nimeshapoa, nikaendelea kusukuma.