Walimfunga Mama Mikono

Nikipita karibu na hospitali ile, hapa Tabora mjini, damu bado hunichemka.

Nilikuta wamemfunga mama yangu. Kila mkono na bandeji yake, umekazwa kwenye chuma cha kitanda, kama mbuzi anayesubiri mnada. Nilikuwa nimetoka nyumbani Gongoni na chupa ya uji. Nikamwuliza nesi kulikoni.

"Alikuwa anaweweseka na malaria, dada. Aling'oa dripu."

"Dripu yenyewe iko wapi sasa?"

"Imeshatolewa. Msubiri daktari."

Daktari alikuja, kijana wa umri wa mwanangu. Shikamoo hakutoa.

"Bibi, unatoka wapi?"

"Usinge."

"Ulikuwa unafanya nini ulipoanza kuumwa? Umefikaje hapa?"

"Nili... nilikuwa..." Bandeji zikakaza. Mama akautazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto.

"Kumbukumbu imekwenda," daktari akaniambia mimi, si yeye, huku akiandika kwenye faili. "Ni uzee. Mtazoea."

Kaka yangu, aliyekuwa pembeni yangu, akaitikia kwa kichwa, akasema basi shamba la mama atalisimamia yeye. Hapo hapo, mama anasikia!

Mama hajawahi kusema bila mikono. Alipoanza kusimulia, sisi watoto tulisogeza vikombe asije akavipiga. Akisahau jina la mtu, alisugua vidole kama anayepima kitambaa dukani, na jina likaja. Kaka alikulia nyumba ile ile. Alilijua hilo.

"Mfungueni," nikasema.

"Dada, kuna utaratibu," nesi akanijibu.

"Utaratibu wa kumfunga mzazi wa mtu, naye hapigani na yeyote?"

Nikafungua mwenyewe. Fundo lilikuwa limekaza mpaka nikatumia meno.

Mama alijisugua vifundo vya mikono. Kisha mkono wa kulia ukaanza kuzunguka taratibu, kama umeshika mwiko.

"Nilikuwa nasonga ugali," akasema. "Baridi ikanishika hapa." Akajigusa mgongo. "Nikaepua sufuria. Akaja yule jirani..." Viganja vikakamata usukani wa baiskeli, "...yule mbeba mkaa, akanipakia mpaka stesheni. Treni ikachelewa. Kaliua wakapanda watu na ndoo za asali, wakanibana miguu hivi."

Mkono ulitangulia, neno likafuata. Halafu kidole kikamgeukia kaka.

"Na habari ya shamba langu nimeisikia."

Kaka akatazama dirishani.

"Amepata nafuu," daktari akasema.

Amepata nafuu! Hata pole hakumpa. Nilimwambia afute alichoandika kuhusu kumbukumbu ya mama, na nikasimama pale pale mpaka akafuta. Kwenye kitanda cha pili alilala bibi mwingine, naye amefungwa. Nesi aliona ninakotazama, akaenda kumfungua kabla sijafungua mdomo. Bibi yule alikunja vidole, akavinyoosha, akaomba maji.

Mama alipopona nilimsindikiza stesheni. Kaka hakuja kumuaga, na mpaka sasa hatujazungumza vizuri. Mama alikaa karibu na dirisha, na kabla treni haijaondoka alikuwa ameshaanza kumweleza abiria wa mbele yake, mikono hewani, jinsi watu wa hospitali walivyomfunga. Abiria alisogeza chupa yake ya soda.