Pumba Nilizoona Haya Kuzibeba

Iko asubuhi moja ya miaka ya themanini ambayo bado naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya kifaranga aliyekuwa akitazama juu.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, karo ya kuendelea ikakosekana, nikakaa mtaa wa Nyalenda, karibu na ziwa, kwa nyanya yangu. Tulimwita Dani, kama Wajaluo wanavyowaita nyanya zao. Dani alikuwa na vifaranga arobaini. Alisema wakikua watanipeleka kusomea useremala. Kazi yangu ilikuwa kuwalisha.

Chakula chao kilikuwa pumba za mahindi kutoka mashine ya posho. Pale mashineni kulikuwa na wasichana wakingoja kusagiwa, na kila nikitokea na gunia langu walianza.

"Bwana harusi amekuja kuchukua mahari yake," mmoja alikuwa akisema, na wengine wakicheka hadi kushika mbavu.

Mimi nilikuwa na haya kupita kiasi. Hata barua hii naiandika polepole, nafuta neno na kulirudia. Basi niliacha kwenda mashineni. Asubuhi nilishuka ziwani mashua zikirudi, nikaokota omena, wale dagaa wadogo, waliomwagika mchangani, wakiwa wabichi kabisa, nikawachanganya na ugali mweupe wa unga uliochekechwa. Vifaranga walikula kwa fujo, wakajaa tumbo. Dani sikumwambia kitu. Nilijiona mjanja.

Baada ya wiki mbili hivi, mmoja akaanza kuyumba. Kesho yake alikalia miguu yake, shingo imepinda nyuma mpaka kichwa kikagusa mgongo, macho juu kama anayesoma kitu kwenye paa. Akafa. Wakafuata wengine vivyo hivyo, mpaka tisa.

Wakati huo jirani yetu, Mama Akoth, alikuwa akibanika mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, kila siku, na moshi ulikuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Siku chache kabla ya balaa hilo alisimama kwenye banda letu akasema, "Hawa wanapendeza kweli." Maneno hayo tu.

"Hiyo macho yake ndiyo imemaliza kuku wangu," Dani akasema. "Jumapili nitaongea na akina mama wa kanisa. Wajue wananunua samaki kwa nani."

Nilielewa maana yake. Mama Akoth alikuwa mjane, na samaki ndio waliowalisha watoto wake. Mtu akishasemwa kuwa na jicho baya, hakuna anayekula kilichopita mikononi mwake. Mimi nilijua nimebadilisha chakula, lakini sikujua kama hicho ndicho kilichowaua, na kutojua huko kukawa mahali pangu pa kujificha. Siku tatu nilinyamaza.

Jumamosi daktari wa mifugo, mzee mpole mwenye baiskeli, alipita akichanja kuku mtaani. Dani akamwonyesha banda na kumweleza habari ya macho. Mama Akoth alikuwa ng'ambo ya ua, akigeuza samaki wake. Alisikia yote. Aliendelea tu kugeuza.

Daktari aliinua kifaranga mmoja aliyepinda shingo. "Wanakula nini?"

"Pumba," Dani akasema.

Daktari akanitazama mimi. Nikatazama chini. Ng'ambo ya ua mikono ya Mama Akoth ilikuwa imesimama.

"Si pumba," nikasema. "Ni omena mbichi na ugali mweupe. Nimewapa wiki mbili."

Dani aliketi juu ya debe.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza hivi. Chakula kikiingia mwilini hakiwi nguvu chenyewe. Kuna wafanyakazi wadogo wanaokigeuza, wanaoitwa vimeng'enya. Baadhi yao hawawezi kazi peke yao, lazima kila mmoja awe na kisaidizi chake. Visaidizi vingine ni madini, kama chuma na zinki, na vingine vinatokana na vitamini. Kinahitajika kidogo sana, lakini kikikosekana kimeng'enya kipo lakini kazi inasimama.

"Ni kama fundi wa baiskeli pale Kondele," akasema. "Mikono anayo, baiskeli iko mbele yake. Mnyang'anye spana uone."

Kisaidizi kilichokosekana kwetu kilitokana na vitamini B1. Iko kwenye pumba, na unga ukichekechwa huondoka nazo. Tena baadhi ya samaki wadogo wakiwa wabichi wana kimeng'enya chao kinachoivunja vitamini hiyo. Moto ungekiua. Mimi sikuwapikia.

"Ubongo ndio huumia kwanza," akasema. "Hawa wamekufa njaa, kijana, na matumbo yamejaa."

Alikoroga dawa ya vitamini kwenye maji, akamdondoshea yule kifaranga mdomoni. Kufikia alasiri alikuwa amesimama, anadonoa udongo.

Dani alivaa kitambaa chake cha kanisani akavuka ua. Nilimfuata.

"Mama Akoth, nimekukosea."

Mama Akoth alipangusa mikono. "Kwa hivyo macho yangu imepona?" Kisha akanigeukia. "Na wewe, siku tatu ulikuwa unanisikia nikisemwa?"

Swali hilo nalisikia hadi leo.

Jumatatu nilikwenda mashineni. Wasichana walicheka, nikabeba gunia langu kichwani. Useremala nilisomea, ndio umekulea wewe.

Sasa sikia, mwanangu. Usiondoe kitu kwa sababu ni kidogo au kinakuaibisha, kabla hujauliza nani anakitegemea. Ukikosea, sema siku ile ile, hata kama huna hakika, maana ukingoja hakika mwingine anabeba kosa lako. Nilichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja.

Mungu akupe mwili wenye afya na ulimi usioogopa ukweli. Na majirani zako wasiwahi kuumia kwa ajili ya kimya chako.