Mbuzi wa Dada na Madumu Manne

Nisiwafiche, hadi leo nikishuka bondeni kuna watu wakiniona wanajifanya wanazama, na mimi nacheka nao, maana aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu.

Mvua za mwaka huu zilijaza bonde lililo chini ya Newala, mashamba ya mpunga yakageuka ziwa, na mbuzi wa dada yangu, Mama Zuhura, akakwama juu ya kichuguu katikati ya maji. Alikuwa na mimba, tena ndiye pekee aliyebaki baada ya wenzake kufa kwa ugonjwa. Dada analia. Mimi niliyerudi nyumbani baada ya miaka ishirini ya kutangatanga (mwaka mmoja niliuza samaki ziwani, basi nikajiona nahodha) nikasema, niachieni.

Mtumbwi nikauazima kwa Bibi Somoe, mzee wa pale bondeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na hayo madumu manne?"

"Ya maji."

"Umefuata mbuzi au maji?"

Nikacheka tu. Sisi wa juu mlimani tumekulia kwenye shida ya maji, na marehemu mama hakuruhusu mtu apande mlima na dumu tupu, hata akitoka msibani. Kwa hiyo nilipofika kwenye kichuguu (nilifika, tena kwa kafi safi, ukingoni wakanipigia vigelegele), kwanza nikajaza madumu yote, maji yenyewe tope, ndipo nikampakia mbuzi.

Hatukufika mbali. Mtumbwi ukashuka taratibu kama mtu anayekaa kitini, maji yakaingia pande zote, nikapiga mayowe ambayo nadhani yalisikika hadi kijiji cha Makote: "Nakufa jamani, mwambieni Mama Zuhura nakufa."

Mama Zuhura mwenyewe alikuwa pale pale ukingoni. Bibi Somoe akajibu bila hata kuinuka, "Simama, baba."

Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini nilimbeba mbuzi mabegani, kamba ya mtumbwi nikaifunga kiunoni, nikatoka na kiatu kimoja, na dada akamkumbatia mbuzi kwanza, kisha mimi. Wiki ileile mbuzi akazaa mapacha. Dada amemwita jike Nahodha, dume Nakufa.

Mtumbwi na madumu sichanganyi tena, nimeapa. Ila jioni ile nilipanda mlima peku mguu mmoja, na dumu moja mkononi. Limejaa.