Saa ya Msikiti Niliyoifunga Mwenyewe

Siku ya kwanza ya Ramadhani nilirudi nyumbani baada ya Alasiri nikijiona mtu. Saa niliyoiunda mwenyewe ilikuwa imetundikwa msikitini kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, ikionyesha nyakati za sala kwa tarakimu nyekundu. Muadhini alikuwa ameahidi kuadhini kwa saa hiyo. Mtu mmoja aliipiga picha, wakati wa Magharibi ukisomeka vizuri, akaituma kwenye simu za mtaa mzima. Nami sijasomea kazi hii popote. Nimejifunza kwa video.

Mama alikuwa akichoma kaimati. Akaniona nikiitazama kalenda ya sebuleni, ile niliyotolea nyakati za saa yangu.

"Hiyo usiifuate," akasema. "Ni ya Lamu, alikuja nayo shangazi yako. Yetu i jikoni."

Lamu jua hutua kabla ya kwetu, kwa dakika kama tano. Watu wote wale wangefuturu jua bado liko, na saumu zao zingeharibika kwa sababu yangu.

Nilirudi msikitini mbio na kompyuta. Muadhini alikuwa peke yake, akipanga tende kwenye sahani. Nikamwambia kuna kitu kidogo tu narekebisha. Uongo, nami nimefunga.

Nikaunganisha waya, nikapeleka programu mpya kwenye chipu ya saa. Ikakataa. Nikabadilisha waya. Ikakataa. Nikazima, nikawasha, nikapunguza kasi, na kila mara kompyuta iliandika neno lile lile: chipu imefungwa.

Aliyeifunga ni mimi. Kabla ya kuitundika niliitia kufuli ili mtu asiweze kuisoma programu iliyomo. Sikuogopa kuibiwa. Niliogopa fundi aliyesoma chuoni angeifungua siku moja, aone nilivyoandika ovyo, acheke. Kulikuwa na ngazi kadhaa za kufuli, nami sipendi kitu nusunusu, nikachagua ya juu kabisa. Sasa ndipo niliposoma onyo lake: ukishaifunga hivi haifunguki tena, wala haifutiki.

Nikafikiria kuchomoa umeme na kusema saa imeungua. Lakini picha ilikuwa kwenye simu zao. Wangefuturu kwa picha.

"Mbona watoka jasho na feni i juu yako?" muadhini akauliza.

Nikamweleza yote, hata ile aibu ya kufuli.

"Weye kijana! Wataka tufuturu na Walamu, tuswali na Wamombasa?" Alicheka, kisha akatazama saa yake ya mkono, na kicheko kikakatika. "Imebaki nusu saa. Chomoa hilo saa lako. Washa kipaza sauti."

"Utasema nini, Sheikh?"

"Mimi? Kwani mimi ndiye niliyeliunda? Sema weye."

Nikamsihi. Nikamwambia kwamba nikiogopa, maneno hunikwama, watu watanicheka hadi Idi na baada yake.

"Na wakucheke, bora saumu zao zi salama." Akanitia kipaza mkononi.

Sauti yangu ilitoka nje nyembamba, nikaisikia ikinirudia kutoka kuta za ng'ambo. Nikasema saa ya msikiti imekosea, msifuate picha, ngojeni adhana. Nikataka kuzima.

"Hujasema nani alokosea," muadhini akaninong'oneza.

"Niliyekosea ni mimi," nikasema. "Niliyeiunda."

Dakika ya Lamu ilipofika nilikuwa mlangoni mwa msikiti, nimetega sikio kwenye madirisha ya jirani, nikiogopa kusikia hata kijiko. Wapo ambao hawakuwa nyumbani, wapo waliokuwa njiani. Hao niliwawaza mmoja mmoja na sikuweza kuwafikia. Kisha, kutoka dirisha la juu, mwanamke akafoka:

"Weka chini hiyo tende! Hukumsikia yule wa saa?"