Mtulinga Mmoja, Majina Saba

Nilitoka Shinyanga kwenda kumkamata mtu. Wenzangu hospitalini niliwaambia nakwenda kukagua mashine, lakini ninyi wa nyumbani Tanga mnanijua nilivyo: namshuku mtu kabla sijamsalimia. Na mara hii ushahidi nilikuwa nao begini.

Ushahidi wenyewe ulikuwa picha saba za eksirei, zote za kifua. Ilikuwa mwaka uliofuata vita vya Kagera, nami nilikuwa sijamaliza hata mwaka tangu nirudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha udaktari wa eksirei. Mkoa mzima ulikuwa na msomaji mmoja wa picha hizo, ndiye mimi, na bado nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Hospitali ndogo za vijijini zilipiga picha, zikazifunga kwa kamba na kuzipakia kwenye gari lolote linalokuja mjini. Nilizisoma hata arobaini kwa asubuhi moja, nikajiona hodari.

Hizi saba zilitoka kwa wafanyakazi wa kambi moja ya uchorongaji karibu na Bugarama, watu waliokuwa wakitoboa ardhi kwa mitambo kutafuta dhahabu. Sheria ya kambi ilikuwa kwamba anayekohoa apigwe picha, na asiye na mapafu safi arudi kwao. Zilinifikia mojamoja kwa muda wa miezi miwili. Zote niliziandikia "mapafu safi", nikatia saini.

Siku moja napanga kabati, nikaziweka mbili pamoja kwenye taa. Mtulinga wa kulia, yaani ule mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani, ulikuwa umevunjika zamani ukaunga vibaya. Kwenye picha zote mbili. Nikaitafuta ya tatu, nikaitafuta ya nne, mpaka zikatimia saba. Majina yalikuwa saba, kifua kilikuwa kimoja.

Mganga mkuu alizitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama hawawezi kuwa mapacha, maana Usukumani kina Kulwa na Doto ni wengi. Nikamjibu kwamba mapacha saba waliovunjika mahali pamoja sijafundishwa. Hakucheka. Alinipa siku tatu nimletee kwa maandishi jina la mwenye kosa, akaongeza kwamba barua ya kunithibitisha kazini ataitazama baada ya hapo. Nilimwelewa vizuri. Mwenye kosa ni ama aliyepiga picha, ama aliyezisoma. Nilimwomba Mungu awe aliyepiga.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka kwa Landrova ya hospitali. Dereva alikuwa Salumu, mtu mzima mwenye maneno machache, na hayo machache yote yalihusu begi langu. Nimebeba nini? Ni karatasi tu? Narudi nalo? Chini ya kiti chake niliona kitu kimeviringishwa kwenye kanga, na kila tulipopita kwenye shimo alikigusa kwa kisigino kuhakikisha kipo. Nikaamua kwamba ametumwa anichunguze. Toka hapo nikamjibu kwa ndiyo na hapana, begi nimelipakata.

Kahama tulifika saa nne. Salumu aliomba ruhusa apite kwa mama mkwe wake, akatoa ile kanga chini ya kiti. Ilikuwa sukari, kilo mbili. Kwa jinsi sukari ilivyoadimika miaka ile, nilielewa kwa nini jasho lilikuwa linamtoka. Alikuwa amedhani begini nina daftari la kuandika wanaotumia gari la serikali kwa mambo yao. Tulikuwa tumeshukiana kilomita mia moja bila sababu. Nilicheka, lakini somo halikuniingia, kwa sababu Kahama hadi Segese niliendelea kupanga maneno ya kumbana mpiga picha.

Saa nane mchana tukaingia kwenye ile hospitali ndogo, upande wa pili wa Segese. Chumba cha eksirei kilikuwa cha mwisho, pazia jeusi mlangoni, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. Mpiga picha alitoka akifuta mikono. Alikuwa Mzee Masanja, mvi kichwa kizima, koti jeupe limepigwa pasi mpaka kola. Hapo ndipo nilipobanwa mimi. Nimekuja kumtia mtu hatiani, na mtu mwenyewe ni wa umri wa baba yangu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba taratibu, akaniuliza hali ya safari, hali ya mganga mkuu, hali ya wazazi wangu huko Tanga, na kila jibu nililotoa lilinipunguzia ukali.

Hata hivyo nilizitoa picha, kila moja na bahasha yake, nikaziweka mezani, nikamwambia ni za mtu mmoja. Nilitazama uso wake nione utakavyobadilika. Ulibadilika kweli, lakini kwa namna ya mtu aliyefikiwa na mgeni aliyemngoja siku nyingi.

"Kumbe mlisoma maandishi yangu," akasema.

Nikamuuliza maandishi gani.

Aliichukua bahasha ya picha ya tatu, akaigeuza nyuma. Kulikuwa na maneno ya penseli, mwandiko mdogo uliolala: Mtulinga huu nimeuona. Tafadhali linganisha na picha iliyotangulia. Akaigeuza ya nne, yalikuwepo. Ya tano, ya sita, ya saba, yalikuwepo. Bahasha zile nilizipakata mwenyewe kutoka Shinyanga. Sikuwahi kuzigeuza. Niliona kwamba mpiga picha wa kijijini hawezi kuwa na la kuniambia mimi niliyetoka Dar es Salaam.

Aibu ilinipanda, na kwa sababu ya aibu nikawa mkali. Nikamuuliza kwa nini hakumzuia mtu huyo mlangoni.

"Binti yangu, mimi nilifundishwa hivi: mpigaji hasemi anachokiona. Anayesema ni msomaji. Nikimwambia mgonjwa, nikiwaambia wa kambini, nimeingilia kazi yako. Kwa hiyo nilikuandikia wewe. Mara tano."

Kwenye kazi yetu ndivyo tulivyo, na mimi mwenyewe niliwahi kumkemea mpiga picha wa Shinyanga kwa kumdokeza mgonjwa.

Jumanne asubuhi Mzee Masanja alipanda nasi hadi kambini, akamtafuta mtu wetu kwa Kisukuma. Salamu za mwangaluka zilikuwa nyingi, lakini macho yalituchunguza kila hatua, maana gari la hospitali pale lilikuwa gari la kufukuzisha watu kazi. Hatimaye akaja kijana mrefu, kifua wazi, na kabla hajafika nilimtambua. Sura yake sikuwahi kuiona, lakini lile bega la kulia lililoinama kidogo nililijua. Aliitwa Luhende. Jina hilo halikuwa miongoni mwa yale saba.

Hakukana. Walikuwa wanane, wote wa upande wa Bukombe, wakilala hema moja. Wenzake saba walikuwa wanakohoa, yeye mzima. Kila mmoja alipoitwa kwenda kupigwa picha, alikwenda Luhende na jina la mwenzake. Wenyewe walimpa jina la utani, Kifua. Alilisema kwa fahari kidogo, kisha akatazama chini. Nikaomba niwaone hao saba. Wanne walikuwepo, wamekonda, wanakohoa viganjani. Wawili walikuwa wamesharudi kwao. Wa saba, Petro, alizikwa Bukombe mwezi uliopita.

Petro ndiye picha ya nne. Mapafu safi, saini yangu.

Nilikaa kwenye kivuli cha Landrova nikalia, na sikujali nani ananiona. Mzee Masanja alisimama kando. Moyoni niliwaza jambo ovu, nalisema hapa ili mnijue vizuri: penseli hufutika. Bahasha ninazo mimi, na huko Shinyanga hakuna aliyezigeuza. Wazo hilo lilinikaa tangu kambini mpaka hospitalini tulipomshusha mzee, na lilikuwa bado linanisumbua tulipokwenda kulala Kahama.

Jumatano tulirudi Shinyanga na wale wagonjwa wanne tuliowachukua kambini pamoja na Luhende, turubai limefunguliwa pande zote upepo upite. Taarifa niliiandikia garini, juu ya lile begi. Mahali pa jina la mwenye kosa niliandika langu, nikaambatisha bahasha tano kama zilivyo. Mganga mkuu aliisoma amesimama. Aliniongezea mwaka mzima wa majaribio, na hakuna siku niliyoona ameniongezea mwingi.

Nilichojifunza ni kidogo na kilinigharimu sana. Maisha yangu yote niliwashuku watu, na nilichosahau kukishuku ni kasi ya macho yangu. Siku hizi nasoma bahasha kwanza, pande zote, ndipo naiwasha taa. Na penye shaka naagiza mwenye kifua aletwe nimwone.

Alhamisi tuliwapiga picha wote. Ya Luhende ilikuwa ya mwisho, na kwa mara ya kwanza iliandikwa jina lake. Mtulinga ulikuwa pale pale. Chini yake, juu ya pafu la kulia, kulikuwa na wingu la ugonjwa ambalo kwenye zile saba halikuwepo. Nilizitandaza zote kwenye taa, nikaangalia mara tatu, nikitamani nimekosea.

Alikuwa amesimama mlangoni na shati mkononi.

"Za wenzangu ulisema safi zote, dakitari," akasema. "Na hii ya kwangu?"

Nikamwambia akae kwanza.