Rosette na Gauni Jeupe la Melini

Watu wa mji huu ukiwapa meli ya kutembelea ziwani, wanasahau kwamba chini yake kuna maji. Mi Odette nilipanda mara moja, na sitapanda tena hata wakinibeba. Lakini leo sisemi mambo yangu. Nasema ya Rosette, jirani yangu hapa Kamenge.

Rosette ni mzaliwa wa Uvira, kule Kongo. Alikimbilia huku na mtoto mgongoni, akauza mawese Gatumba miaka na miaka, mpaka maji yalipoijaza nyumba yake akahamia kwetu na masufuria kichwani. Uongo haujui. Ukimwuliza kama mawese yake ni mapya, atakuambia haya ni mapya, yale yamekaa, chukua haya. Wauzaji wenzake walikuwa wanamwona anawaharibia soko. Mi nilimpenda kwa hilo hilo.

Mume wake, Fortunat, alikuwa mpakiaji bandarini. Alibeba magunia ya saruji kifua wazi, na jioni alirudi nyumbani mweupe wa vumbi hata nyusi. Mwaka jana kifua kilimshinda akafa, na Rosette akavaa nyeusi. Sasa kwao, na hata kwetu sisi Warundi, mjane hajivui mwenyewe. Ukoo unakutana, kinaletwa kinywaji, mkubwa wa upande wa mume anasimama na kusema maneno ya kumuaga marehemu, ndipo mjane anaiacha nyeusi. Tunaita kuganduka. Kabla ya siku hiyo hakuna harusi katika nyumba ile, na hakuna mtu mwenye akili anayeuliza kwa nini.

Mkubwa wa kusema maneno hayo alikuwa Marcellin, kaka wa Fortunat, na yeye alikuwa bado Uvira. Siku ilishapangwa. Vita ikaingia kule Uvira, mpaka ukafungwa, siku ikapita. Rosette akasema atangoja mpaka shemeji yake avuke. Alikuwa anangoja bila kulalamika, na gauni lake jeusi limeanza kuchujuka mabegani kwa jua.

Sasa tuje kwa huyo Prodige, mtoto wake wa pekee. Nitamsema, na akitaka anishitaki. Amelelewa kwa mawese na kwa mgongo wa baba yake, leo anafanya kazi ya kutolea watu mizigo forodhani, amekuwa mtu wa viatu vyeupe. Viatu vyeupe Kamenge, msimu wa mvua! Anatembea kwenye njia yetu ya matope akirukaruka kama kuku aliyekanyaga moto, na akifika kwa mama yake kitu cha kwanza ni kuomba kitambaa ajifute. Hujambo yako anaijibu huku ameinama kwenye viatu.

Huyu kijana alipata mchumba, Orlane, binti wa Mzee Sylvère wa Kibenga. Msichana hana neno, ana adabu. Baba yake pia ni mtu wa heshima, mtumishi wa serikali wa zamani, anayefuata mila mpaka kwenye namna ya kushika glasi. Na kwa kuwa anafuata mila, alimwuliza Prodige swali moja tu: nyumba yenu imekwisha kuganduka? Prodige akamjibu ndiyo, zamani. Hivyo tu, bila kumeza mate. Mi nilikuja kulijua baadaye kwa mdomo wa Orlane mwenyewe, ila nakuambia mapema ili usimwonee huruma.

Basi ikabaki shida moja: mama amevaa nyeusi, na wakwe watataka kumwona. Mtu mwingine angeenda kwa mzee akaomba msamaha, akangoja njia ya Uvira ifunguke. Prodige akakodi meli.

Ni meli ya starehe, ya ghorofa mbili, inazunguka ziwani mchana na muziki, wenye nazo wanafanyia pete za uchumba na siku za kuzaliwa. Mji mzima umelala kwenye foleni ya mafuta, lakini hiyo haikosi. Na ina sheria zake za mavazi, ati kila sherehe na rangi yake. Prodige akachagua nyeupe tupu. Wageni wote nyeupe, toka kichwani mpaka chini, asiye na nyeupe habanduki ufukweni.

Akaja kwa mama yake na gauni jeupe ndani ya mfuko wa plastiki. Rosette alimwambia kwa upole kwamba yeye atabaki nyumbani, atawaombea. Prodige akaanza kuzunguka: ni mambo ya meli tu, hata nahodha anavaa nyeupe, ukishuka unavaa yako, huko majini nani anakuona? Na asipokuja, wakwe watasema bwana harusi hana watu. Hapo alimpata. Mwanamke aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni humwambii kwamba mtoto hana watu.

Rosette aliponiuliza mi nilimkatalia wazi. Nilimwambia nguo ile nyeusi si ya meli wala si ya Prodige, ni ya Fortunat. Akasema anajua, ni mchana mmoja, ataibeba nyeusi yake kwenye mfuko na kuivaa mara tu mguu ukigusa nchi kavu. Nikaona sina la kufanya zaidi ya kumsindikiza. Kwa kuwa sina nguo nyeupe, nilivaa kanzu yangu ya kwaya. Walionicheka wacheke.

Yoo! Ungeona watu wale. Jua la saa nane, jua la Bujumbura, na wanaume wamejifunga kravati mpaka mishipa ya shingo imewasimama. Wanawake wamekuja na viatu vya visigino virefu kupandia ngazi ya mbao yenye nafasi katikati. Mmoja kisigino kilizama kwenye mbao, akabaki pale ameshikilia bega la mtu asiyemjua, anatabasamu kana kwamba ndivyo alivyotaka. Mwingine alikuwa amejitanda mvutano, vazi letu zuri kabisa la kufungwa begani, lakini upepo wa ziwa hauheshimu sherehe, ukamvisha usoni, ukamfunua pengine. Akashinda ameushika kwa mikono miwili, hata soda alinyweshwa na mume wake.

Juu ya ngazi alisimama mtu anaitwa Callixte, ndiye protokoli, mpokea wageni. Sijui mama yake alimzaa kwa kazi gani, lakini hiyo aliipenda. Alikuwa anakagua watu kama daktari wa ng'ombe. Mzee mmoja alirudishwa kwa sababu soksi zake zilikuwa za kijivu. Soksi! Mi aliniangalia kanzu, akaangalia msalaba uliotariziwa kifuani, akaogopa kusema. Kisha tulipokaa, mabaharia walileta majaketi ya kuokolea, yale ya rangi ya chungwa. Wale mabibi walikataa, ati yanaficha gauni. Na Callixte, badala ya kuwakemea, aliyakusanya yote akayasukuma chini ya viti, kwa sababu yanaharibu rangi kwenye foto. Basi tukaingia ziwani hivyo, tumependeza sana, tayari kuzama. Hakuna aliyeangalia maji wala milima ya Kongo iliyokuwa wazi siku ile. Walikuwa wanapigana foto, wanaangalia foto, wanalaumu foto.

Rosette alikaa karibu nami. Gauni lilimkaa vizuri, sikatai, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa ameukumbatia mfuko wenye nguo yake nyeusi kama mtu aliyebeba mgonjwa. Kila aliyepita alimwambia amependeza, na kila mara alijibu asante kwa sauti inayozidi kupungua.

Orlane akaja kukaa nasi, akamshika mkono mama mkwe wake. Akasema alivyofurahi kusikia kwamba matanga yalikwisha salama, na kwamba baba yake asingekubali pete bila hilo. Nilimgeukia Rosette. Macho yake yalikuwa yamekwenda kumtafuta Prodige kule mbele. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuletwa pale kufuata sheria ya mavazi. Aliletwa kuonyeshwa.

Wakati wa pete ulipofika, muziki ulizimwa na Mzee Sylvère akasimama na glasi. Alisema vizuri, polepole, kama wanavyosema wazee wanaojua. Aliwashukuru wazazi, akamtaja Fortunat kwa jina, akasema alikuwa mtu wa kazi na bandari yote ilimjua. Nusu ya wale wenye kravati hawakujua anasema nani. Kisha akamgeukia Rosette na kumwinamia kidogo.

"Mama, mulitoka mu matanga na sisi hatukuwa hapo kuwasindikiza. Mutusamehe. Tuambie ni nani alisema kwa jina la ukoo, tumunywee na yeye."

Watu wote wakamwangalia. Mi nilikuwa najua jibu la Rosette. Nimemjua mwanamke huyu miaka mingi, sijawahi kumsikia akisema la uongo hata la kumfurahisha mtu. Nikajiandaa kusimama karibu naye, wakitaka kumrukia waturukie wawili. Prodige alikuwa anarekebisha kola yake. Hakumwangalia mama yake hata mara moja, mwoga yule, alikuwa anashika kola tu, kulia, kushoto, kulia.

Rosette alimwangalia mtoto wake kwa muda mrefu.

"Ni Marcellin," akasema. "Kaka yake."

Glasi zikapanda, wakamnywea Marcellin, mtu ambaye siku hiyo labda alikuwa hata maji ya kunywa hana. Pete ikavishwa. Muziki ukarudi, na Prodige akacheza. Nakuambia alicheza, na viatu vyake vyeupe, mpaka jasho likamtoka. Nilitamani ziwa limchukue, Mungu anisamehe, halafu nikakumbuka nami nimo humo humo melini.

Tuliposhuka nilimtafutia Rosette mahali nyuma ya ukuta, nikamfungulia mfuko. Hakuupokea. Alisimama anaangalia ile nguo nyeusi, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Apana, Odette. Nimeisema mbele ya watu. Nikiivaa tena, namuumbua mutoto."

Akarudi Kamenge na nyeupe. Majirani wakampigia vigelegele, ati hongera mama, umetoka. Aliitikia kila mmoja. Nilipandwa na hasira nikafunga mlango wangu na kulala bila kula. Harusi ilifanyika, sikwenda, nimeambiwa waliokwenda waliagizwa wavae bluu.

Halafu mpaka ukafunguka, na Marcellin akavuka.

Nilikuwa uani kwa Rosette, tunachambua maharage. Mzee aliingia kwa miguu, amekonda, mfuko mmoja mkononi. Alikuwa amevaa shati jeusi, ile nyeusi iliyofuliwa mpaka ikawa kama majivu, kola imechanika na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Vita ilimnyang'anya nyumba na mbuzi, na ndani ya hayo yote shati la matanga ya mdogo wake hakulivua. Mfukoni alikuwa na kitenge kipya, amekibeba kutoka Uvira kwa ajili ya kumtoa Rosette kwenye nyeusi.

Akamkuta Rosette na kitenge cha maua. Alisimama pale pale mlangoni mwa ua, hakuomba hata kiti.

"Nani alikuvua?" akauliza.

"Mutoto wenu," Rosette akasema.

"Alisema maneno gani?"

"Hakusema kitu. Alileta gauni."

Mzee akakaa chini, akaweka mfuko juu ya magoti. Rosette akamweleza yote, meli, nyeupe, glasi, na jina lake lilivyotajwa. Hakujitetea wala hakumtetea Prodige. Marcellin alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia akalete ile nguo nyeusi aivae, watu waitwe kesho, yeye aseme maneno, mambo yaishe kama inavyotakiwa. Rosette akatikisa kichwa. Akasema akionekana na nyeusi leo, kesho habari iko Kibenga, na Mzee Sylvère si mtu wa kudanganywa mara mbili. Mtoto atafukuzwa ukweni. Mi nikasema afukuzwe.

Marcellin alikuwa anapapasa ule mfuko. Mwisho akamkabidhi kitenge chake kwa mikono miwili.

"Chukua, ni yako. Na kama we hauwezi kuvaa nyeusi, mi nitaivaa yetu sisi wawili. Fortunat hajaagwa."

Ndivyo alivyofanya. Ameshapata chumba hapa mtaani, na Prodige amemtumia mashati, la bluu, la kijani, hata jeupe moja la mikono mirefu. Mzee aliyapokea yote, akashukuru, na bado anavaa lile moja. Jumapili anakaa benchi la mbele kanisani, nyeusi tupu, na watu wakimwuliza anamlilia nani, anawatajia jina la mdogo wake. Prodige na mke wake walikuwa wanasali nasi misa ya saa nne. Siku hizi, ili wasikutane na shati lile, Prodige anamwamsha binti wa watu gizani, wanakwenda ile ya alfajiri.