Wimbo wa Chai, Wimbo wa Gesi

Kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, muziki ni masufuria yanayoporomoka ngazini. Alinieleza mwenyewe tukianika nguo, akanikataza kumwambia mtu. Kazini walimwita Gogo, kwa kuwa redio ikiwaka wenzake wakatikisa mabega, yeye hatikisi hata kidole.

Tunafanya kazi kiwanda cha barafu. Mitambo yake hugandisha maji kwa gesi kali. Ikivuja nawe ukachelewa kutoka, mapafu yanaungua. Zamani kilikuwa kikilia king'ora, watu wakakimbia. Msimamizi mpya akakiondoa, eti kinashtua watu hadi wanajiangushia mabonge miguuni. Akafunga spika: wimbo mmoja wa mapumziko ya chai, mwingine wa gesi ikivuja.

"Hata mtoto mchanga hawezi kuzichanganya," alisema.

Wifi akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi kuliko barafu.

"Wifi, mimi nitafia humu."

Tangu hapo alifanya kazi akiangalia mikono yangu. Spika ikilia nikashika kikombe, ni chai. Nikivuta mtandio puani, ni kukimbia. Nikienda chooni, alikuwa roho juu mpaka nirudi.

Kisha akapangiwa chumba cha ndani, peke yake. Spika ikalia. Akatoka mbio hadi uani, akatukuta tunapuliza vikombe.

"Gogo leo kaota miguu!" fundi wa mitambo akapaza sauti. "Mama, unakimbizwa na chai?"

Watu wakacheka hadi kupaliwa. Wifi naye akacheka, akainama kuchukua kikombe.

Kesho yake spika ikalia tena. Gesi. Uani nikatazama nyuso moja moja; yake haikuwepo. Nikauzunguka ukuta hadi mlango wa kupakilia wa chumba cha ndani, nikauvuta kwa mikono miwili. Harufu ikanipiga usoni. Alikuwa amesimama katikati, kikombe mkononi, machozi yakimtiririka. Nikamkokota nje.

"Nilijikaza," alisema akikohoa. "Nilisema leo sikimbii, watanicheka. Harufu iliponifikia, macho hayakuuona tena mlango."

Msimamizi akaja akihema. "Kwani hukusikia wimbo?"

Wifi alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa. "Nilisikia kelele, bosi. Zote mbili kwangu ni kelele moja. Tangu nizaliwe sijawahi kuutambua wimbo wowote."

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Hali ilipotulia, fundi alikwenda stoo, akarudi amekumbatia king'ora chenye vumbi, akaanza kukifunga pale pale kilipokuwa. Msimamizi hakumzuia.

Siku hizi gesi ina king'ora chake. Wimbo wa chai umebaki. Ukilia, wifi bado husimama kwanza, akaitazama mikono yangu. Nami hukiinua kikombe changu juu, akione vizuri.